KUKU WA MAYAI KATIKA MJI WA MKULIMA

(Maneno ya Bwana Shamba katika baraza la wakulima wa Ufipa. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale wasiokuwapo siku ile.)

Wakulima wenzangu,

Kitabu hiki chahusu mazao ya shamba: mahindi, maharage, ulezi, alizeti na ngano. Huenda mtu akauliza, "Bwana Shamba, kuku wanatafuta nini humu?" Nami nitamjibu kwamba kuku ni njia mojawapo ya kuuza mahindi. Sote twajua jinsi bei ya mahindi inavyoanguka hapa Rukwa mara tu magunia yanapojaa, na mtu mwenye haja ya fedha ya shule huuza huku moyo ukimuuma. Mahindi hayohayo, pamoja na pumba za mashine na mashudu ya alizeti, yakipita tumboni mwa mtetea mzuri hutoka yakiwa mayai, na yai halina msimu. Samadi nayo hurudi bustanini. Wazee wetu wa Ufipa walizika nyasi ndani ya matuta ili ardhi ipate nguvu. Mbolea ya kuku ni ndugu wa kazi hiyo.

Lakini nimesema mtetea mzuri. Leo nataka kuzungumza juu ya jambo hilo moja: ni mtetea yupi? Swali hili naulizwa kila ninakopita, kuanzia Matai mpaka Laela, kuanzia Mpui mpaka Chala. Na karibu kila mtu huuliza hivi: "Ni kuku gani atagaye mayai mengi kuliko wote?" Sharti nikuambie kwamba kabla ya swali hilo kuna jingine. Jiulize, nyumbani kwangu kuna chakula cha kuku kiasi gani mwaka mzima, na ni nani atakayekuwa nao kila siku?

Najua umuhimu wa swali hilo kwa sababu siku moja sikuliuliza, na mtu mwingine akalipa gharama ya kosa langu. Ilikuwa mwaka 2016. Mama mmoja mjane, mkulima hodari wa mahindi na maharage, alinijia akitaka kufuga kuku wa mayai. Mimi nilikuwa nimetoka semina, kichwa kimejaa hesabu. Nilikaa naye chini ya mwembe nikamwonyesha: kuku mmoja mayai 300 kwa mwaka, kuku 60 mayai 18,000, trei kadhaa wa kadhaa. Akauza mahindi, akakopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, akaagiza vifaranga 60 vya kisasa. Walifika kwa basi mwezi Juni, katika baridi ile mnayoijua. Wiki ya kwanza walikufa 11. Waliobaki 49 walikua vizuri mpaka wiki ya kumi na nne, kisha chakula kikaisha na fedha ikaisha. Akaanza kuwapa pumba tupu. Walichelewa kutaga, na walipoanza, mayai yalikuwa machache na maganda laini, wakajifunza kuyala wenyewe. Mwisho aliwauza mmoja mmoja kwa bei ndogo kuliko ya kuku wa kienyeji, na deni la kikundi akalilipa kwa mahindi ya mwaka uliofuata.

Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Baba, siku ile uliponihesabia mayai, mbona hukunihesabia madebe?"

Basi leo nitaanza na madebe.

KUKU WA KISASA NA CHAKULA CHAKE

Kuku wa kisasa wa mayai, yule wa rangi ya kahawia anayeitwa Isa Brown, Hy-Line, Lohmann au Bovans, ametengenezwa na wataalamu kwa kazi moja. Akitunzwa sawasawa hutaga mayai 300 au zaidi kwa mwaka. Hilo si uongo. Lakini kuku huyo ni kama mashine ya kusaga: bila mafuta haisagi. Tangu kutotolewa mpaka yai la kwanza, yaani wiki 18 hadi 20, hula kilo 7 hadi 8 za chakula, na muda huo wote hakupi hata senti moja. Baada ya hapo hula gramu 115 hadi 120 kila siku, Jumapili na sikukuu.

Twende pamoja katika hesabu. Kuku 10 kabla ya kutaga watamaliza kilo 75, yaani mfuko mmoja na nusu wa kilo 50. Wakiisha kuanza kutaga watakula kilo 1.2 kwa siku. Mfuko wa kilo 50 utakwisha kwa siku 41. Kwa mwaka mmoja kuku 10 hula karibu kilo 440. Ukipima kwa debe la mahindi, ambalo ni kama kilo 18, hayo ni madebe 24. Ila haifai yawe mahindi peke yake, kama nitakavyoeleza. Sasa wewe mwenye kuku 50 zidisha mara tano, kisha nenda ukatazame ghala lako.

Kuna mambo mengine juu yake. Kuku huyu hawezi kujitafutia. Mtoe nje naye atasimama akikutazama. Haatamii. Mayai yake ukiyatotoa, watoto hawatafanana na mama kwa kutaga, kwa kuwa yeye ni mchanganyiko wa koo kadhaa. Kila mara itakupasa kununua vifaranga wapya. Tena anahitaji mwanga wa saa 15 au 16 kwa siku ili atage kwa nguvu zake zote, na huku kwetu mchana ni kama saa 12 tu, mwezi Juni hupungua kidogo. Itakulazimu kuwasha taa bandani kwa muda wa saa tatu hadi nne baada ya jua kuchwa. Taa ya sola yatosha.

Simkatazi mtu. Karibu na mji wa Sumbawanga, ambako duka la chakula cha mifugo liko jirani na hoteli zataka trei za mayai kila wiki, kuku huyu ni mali. Nimeona walimu na wafanyabiashara wakijenga nyumba kwa fedha yake. Lakini uwe na fedha ya chakula cha miezi mitano mkononi kabla hujaagiza kifaranga wa kwanza. Nasema mkononi, wala si ile unayotarajia kupata ukiuza alizeti.

Na uwe mwangalifu unaponunua. Katika koo hizi za kahawia, kifaranga jike huzaliwa wa rangi ya kahawia na dume huzaliwa mweupe au wa manjano hafifu. Kiwanda hakina kazi na madume hayo, na wako wachuuzi wanaoyachukua kwa bei ya bure na kuyapitisha vijijini yakiitwa "chotara" au "kroila". Mtu hulea miezi sita akingoja yai kutoka kwa jogoo! Nunua kwa mtu unayemjua, mwulize kama vifaranga walichanjwa Mareksi siku ile ile walipototolewa, na udai karatasi.

KOO ZA ZAMANI NA KUKU WA KATI

Tangu siku za wazee wetu serikali nyingi za Afrika, na hii yetu pia, zilijaribu kuboresha kuku wa vijijini kwa majogoo ya kigeni. Koo zilizojulikana sana ni Rhode Island Red, mwekundu mwenye mwili imara kutoka Marekani. Light Sussex, mweupe mwenye ukosi mweusi, wa Uingereza. Leghorn, mweupe mdogo wa asili ya Italia. Na Australorp mweusi.

Leghorn hutaga sana, mayai meupe, na hula kidogo kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Lakini kwa mji wa mkulima simpendi. Ana hofu, huruka ua, haatamii, na weupe wake humwita mwewe kutoka mbali. Tena nyama yake haimfurahishi mgeni.

Huyu Australorp mweusi yafaa nimtaje zaidi. Asili yake ni kuku wa Kiingereza aitwaye Orpington, aliyepelekwa Australia na wafugaji wa huko wakamchagua kwa mayai. Mwaka 1922 mpaka 1923 mitetea sita wa koo hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, yaani zaidi ya 309 kila mmoja, na dunia nzima ikastaajabu. Majirani zetu wa Malawi wamemgawia mkulima mdogo kuku huyu kwa miaka mingi kutoka kituo cha Mikolongwe, hata wanakijiji wengine humwita kwa jina la kituo hicho. Ni kuku mzito, mpole, mwenye manyoya mengi, anayestahimili baridi. Weusi wake humficha mwewe asimwone upesi. Kwa uwanda wetu huu wa juu, ambao Sumbawanga penyewe ni kama mita 1,800 juu ya bahari, jogoo wa aina hii ni msaada mkubwa kwa mitetea wa kienyeji.

Siku hizi wamekuja pia Kuroiler na Sasso. Kuroiler alitengenezwa huko Bara Hindi katika miaka ya 1990 kwa ajili ya nyumba za vijijini. Sasso asili yake ni Ufaransa. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ilianza mwaka 2014 mpango wa kuwajaribu kuku bora katika miji ya wakulima wadogo wa Tanzania, Ethiopia na Nigeria, na hapa kwetu walioletwa ni hawa wawili. Walilelewa kwanza mpaka umri wa wiki sita, wakachanjwa, ndipo wakagawiwa. Jambo hilo la wiki sita ulikumbuke. Kifaranga wa siku moja akifika Ufipa kwa basi hana bima. Aliyekwisha kuota manyoya ana nafasi.

Kuroiler na Sasso hukua upesi na jogoo wake huuzwa vizuri. Mtetea akitunzwa hutaga mayai 150 au zaidi, ila akiachiwa uani bila nyongeza hupungua sana. Hujitafutia kuliko wale wa kahawia, lakini mwili mkubwa wataka chakula kikubwa. Wengi hawaatamii. Na watoto wao watatoka mchanganyiko, mmoja hivi na mwingine vile, kwa hiyo usitegemee mbegu kutoka kwao.

KUKU WETU WENYEWE

Sasa nafika kwa kuku ambaye watu humdharau, nami zamani nilimdharau pamoja nao. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Husemwa kwamba ni mvivu. Hebu tumhesabie siku zake kabla ya kumhukumu.

Hutaga mayai 12 hadi 15 kwa muda wa siku kama 20. Huatamia siku 21. Kisha hutembea na vifaranga miezi miwili na nusu mpaka mitatu, na muda wote huo hatagi. Mzunguko mmoja ni siku 120. Katika mwaka anapata mizunguko mitatu, basi mayai ni 36 mpaka 45. Je, huyo ni mvivu? Huyo ni mama mwenye kazi tatu.

Ukitaka mayai zaidi kwake, mpunguzie kazi ya kulea. Wakifika wiki tatu au nne watenge vifaranga, uwaweke katika tenga au chumba chenye joto na uwape chakula chao. Mama atarudi kutaga baada ya siku chache. Mzunguko utakuwa kama siku 70, naye atapata mizunguko mitano, mayai 60 hadi 75, bila wewe kununua kuku mpya hata mmoja. Wengine hufanya vizuri zaidi: mitetea watatu au wanne wakianza kuatamia siku zinazokaribiana, huwawekea mayai yote siku moja, wakishaangua, vifaranga wote hupewa mama mmoja au wawili, na wengine hurudi kutaga. Ili uweze kufanya hivyo, kusanya mayai kila siku, umwachie mtetea yai moja la kumdanganya, uyaweke mengine mahali pa baridi penye kivuli, ncha nyembamba ikitazama chini, kwa siku zisizozidi 10 hadi 14.

Ila usijaribu kutenga vifaranga Juni na Julai kama huna joto la kuwapa. Baridi ya Ufipa haina huruma. Chungu cha makaa chafaa, lakini makaa yawe yamekwisha kuwaka vizuri na chumba kiwe na tundu la hewa juu, maana moshi wa makaa huua kuku na watu usiku mmoja.

Kuna ubaya mmoja tuufanyao sisi wenyewe, nao ndio unaoharibu kuku wetu mwaka hadi mwaka. Krismasi ikifika, ni jogoo yupi auzwaye au achinjwaye? Yule mkubwa. Anayebaki kupanda mitetea ni yule mdogo aliyekosa mnunuzi. Halafu jogoo huyo hupanda dada zake na mama yake. Hakuna mkulima ambaye angeuza masuke yote bora ya mahindi akapanda yale mabovu, lakini kwa kuku twafanya hivyo, kisha twasema kienyeji hawafai. Weka alama kwa jogoo bora, mtoto wa mtetea atagaye vizuri, asiuzwe. Mmoja hutosha mitetea 10. Kila mwaka badilishana jogoo na mtu wa kijiji kingine, umtenge wiki mbili kabla ya kumwingiza bandani, asije na ugonjwa.

SASA UCHAGUE YUPI

Kwa mkulima wa kawaida wa Ufipa, mwenye ekari chache, watoto shuleni na mikono miwili, maoni yangu ni haya. Baki na mitetea wako wa kienyeji wanane au kumi walio bora. Watafutie jogoo mmoja mzito, Australorp mweusi au Rhode Island Red. Binti zao, yaani chotara, watataga mayai 100 na kuzidi wakipata nyongeza nzuri, na wataweza bado kujitafutia na kumkimbia mwewe. Lakini usiwaondoe mitetea wa kienyeji wote! Wao ndio wa kuatamia. Nimeona mji ambao chotara walizaana wao kwa wao vizazi vitatu: mayai yakapungua, na aliyetaka kuatamia hayupo. Chotara wa kwanza ndiye mzuri. Rudia kila mara kwa mitetea wa kienyeji na jogoo wa koo.

Kwa ndugu wa bondeni, upande wa Mtowisa na Ilemba karibu na Ziwa Rukwa, na wale wa Kasanga na Kirando kando ya Tanganyika, nasema vingine kidogo. Kule ni chini sana kuliko huku na joto ni kali. Kuku mwenye manyoya mengi huhema mchana kutwa na kuacha kula. Mtafute kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Watu humcheka kwa sura yake, lakini ngozi ile tupu hutoa joto mwilini, naye hutaga wakati wenzake wanahema. Huku juu kwenye baridi kishingo hana faida hiyo, tena hula zaidi ili apate joto.

Kuchi, yule mrefu wa kupigana, ni kuku wa nyama na wa fahari. Mayai yake ni machache. Usimwache akuvutie kwa kimo chake kama haja yako ni mayai.

KUMJARIBU MTETEA KWA MKONO

Huwezi kujua mayai kwa kutazama mkia. Mshike mtetea jioni akiwa ametulia. Kilemba chake kiwe chekundu, laini na chenye joto. Chini ya mkia kuna mifupa miwili ya nyonga yenye ncha. Weka vidole kati yake. Atagaye huwa na nafasi ya vidole viwili hadi vitatu, na tundu lake ni pana na lenye unyevu. Asiyetaga nafasi ni ya kidole kimoja na tundu ni dogo, kavu. Tumbo la atagaye ni laini kama mkate. La asiyetaga ni gumu, na mara nyingi limejaa mafuta.

Tena usidanganyike na uzuri. Mtetea mwenye manyoya yanayong'aa kama bibi harusi mara nyingi hafanyi kazi. Yule mwenye manyoya yaliyochakaa, miguu iliyopauka, huyo amepeleka nguvu zake kwenye mayai. Na mwenye kubadili manyoya mapema kabla ya wenzake, akakaa muda mrefu bila kutaga, ndiye wa kwanza kwenda sokoni.

CHAKULA CHA KUCHANGANYA NYUMBANI

Sisi wa Rukwa tuna bahati ambayo wengine hawana: mahindi yetu, alizeti yetu, na dagaa wa Tanganyika. Kwa kilo 100 za chakula cha mitetea wanaotaga na waliofungiwa, changanya mahindi yaliyoparazwa kilo 41, pumba za mahindi kilo 20, mashudu ya alizeti kilo 22, dagaa waliosagwa kilo 8, chokaa ya mifugo kilo 8, chumvi nusu kilo, na nusu kilo ya mchanganyiko wa vitamini na madini kutoka duka la mifugo. Iwe chokaa ya mifugo, si ile ya kupaka nyumba. Dagaa walio makombo na vumbi, ambao mchuuzi hawezi kuwauza kwa watu, hufaa maadamu hawana ukungu. Kama dagaa wana chumvi, punguza chumvi nyingine.

Kwa kuku wanaojitafutia, konzi moja ya mchanganyiko huo kwa kila kuku jioni, gramu 40 hivi, itaonekana katika kiota kabla ya mwezi kwisha. Chotara mwongezee kidogo. Mahali pa pumba tupu usitegemee yai. Majani mabichi, mchicha au kabichi, yaning'inize kwa kamba: ndiyo yaupayo ute wa ndani rangi ya manjano ambayo wanunuzi huipenda.

Neno juu ya mahindi mabovu. Watu wengi huchambua mahindi yenye ukungu na kusema, "Haya ni ya kuku." Msifanye hivyo. Ukungu ule una sumukuvu, ambayo huharibu ini la kuku, hupunguza mayai, na huweza kumfikia alaye. Mahindi hayo yazikwe.

MDONDO

Yote niliyosema ni bure ikiwa mdondo utaingia. Wengine huuita kideri. Huja zaidi wakati wa kiangazi, Agosti mpaka Novemba, huku wageni na kuku wa minadani wakitembea, na huacha mji bila jogoo wa kuwika. Dawa ya kuponya haipo. Chanjo ipo, tena rahisi: ile iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa hapa nchini. Ni tone moja katika jicho moja, kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kila baada ya miezi minne. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, hivyo yaweza kufika kijijini bila jokofu, lakini isianikwe juani, na ikishachanganywa itumike upesi kama mchanjaji atakavyokuelekeza. Kuku mgonjwa asichanjwe, tone haliponyi.

Yule mama niliyemtaja mwanzo alianza tena mwaka 2018. Safari hii mimi sikusema kitu, nilikaa kimya nikamwacha aniambie. Alikuwa na mitetea saba wa kienyeji na jogoo mweusi aliyempata kwa kubadilishana na mbuzi. Nyuma ya mlango wa jikoni ana kijiti kwa kila mtetea, na kila yai ni mkwaruzo mmoja wa kisu. Mtetea ambaye kijiti chake ni kitupu kwa miezi mitatu hali tena pumba za mama huyo.

Katika kijiji chake kichupa kimoja cha chanjo ni cha kuku wengi kuliko alio nao, kwa hiyo hushirikiana na majirani sita, na yeye ndiye mwenye kuweka tarehe. Machi, Julai, Novemba. Ninyi mlio katika kata hii, jiandikisheni kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya mwisho wa mwezi, mtaje idadi ya kuku wenu pamoja na vifaranga. Usiku wa kuamkia siku ya chanjo wafungieni kuku wote ndani. Mchanjaji hufika asubuhi na mapema, naye hatawakimbiza kuku vichakani.